Kuiga si Kughushi: Shauri la Kioo cha Gari Kilichopasuka



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza mambo ya malezi na ya matumizi ya nyumbani. Mwezi huu nataka kujibu swali ambalo nimeulizwa hapa Segera na madereva zaidi ya mmoja, na mara ya mwisho nililetewa na mama mmoja ambaye mumewe hupakia abiria. Swali lenyewe ni hili: kioo cha mbele cha gari kikipasuka, je, yatupasa kutafuta kioo cha asili, yaani kile chenye jina la kampuni iliyounda gari, ijapokuwa bei yake ni kubwa? Ama chatosha kioo kilichoundwa kwa mfano wake na kiwanda kingine, kwa bei nafuu?

Pengine atatokea wa kusema: mwalimu wa chuo ana shauri gani na vioo vya magari? Namjibu kwamba nyumba nyingi za watoto ninaowasomesha hula kwa gari. Gari likisimama, chungu nacho husimama. Na aliyenunua kioo kibovu hakupoteza fedha tu. Huenda amemketisha mkewe na mwanawe nyuma ya kioo kisichoweza kuwalinda. Hilo ni jambo la nyumbani, na mahali pake ni hapa.

Kwa wasiopajua, Segera ni njia panda. Barabara itokayo Chalinze, ikiisha kupita Mkata na Kabuku, hufika hapa ikagawanyika: mkono mmoja huelekea Hale, Muheza na Tanga, na mkono wa pili huelekea Korogwe, Mombo, Same, Moshi na Arusha. Mabasi, malori ya mizigo ya bandari na magari madogo yote hukutana hapa mchana na usiku. Kandokando ya lami pana changarawe, na lori lenye magurudumu pacha likikanyaga ukingo, kijiwe hubanwa baina ya tairi mbili kisha hurushwa. Gari lako likienda kilomita 80 kwa saa, na lori likakujia kwa mwendo kama huo, mwendo wa kukutana kwenu wakaribia kilomita 160 kwa saa. Na nguvu ya pigo haikui sawasawa na mwendo: mwendo ukizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Ndiyo maana jiwe dogo kuliko punje ya mahindi hulia kama risasi na kuacha kidonda kiooni.

Kioo chenyewe ni nini

Haiwezekani kuchagua vema kitu ambacho hatujakijua. Gari lina vioo vya namna mbili. Vile vya ubavuni na vya nyuma aghalabu ni vioo vilivyopashwa moto mkali kisha vikapozwa ghafula kwa upepo. Kioo cha namna hiyo kina nguvu, lakini kikivunjika huvunjika chote kwa mara moja, kikawa punje ndogondogo zisizo na ncha kali. Kioo cha mbele ni kingine. Hicho ni vioo viwili vyembamba vilivyogandamizwa pamoja, na katikati yake pana utando wa plastiki usioonekana, ambao unene wake ni chini kidogo ya milimita 1. Kikipigwa, kioo hupasuka lakini vipande hubaki vimeshikwa na ule utando. Dereva huendelea kuona njia, na kilichokuja kwa nje hakipiti kwa urahisi kuingia ndani.

Asili ya maarifa haya husimuliwa hivi. Mwaka 1903 Mfaransa mmoja, Édouard Bénédictus, aliangusha chupa ya maabara. Chupa ikapasuka lakini haikutawanyika, kwa sababu ndani yake palikuwa na mabaki ya dawa iliyokauka ikawa ngozi nyembamba. Mwaka 1909 alipata hataza ya kioo cha tabaka. Hata hivyo ilichukua miaka mingi kuenea kwake. Magari mengi ya Kiingereza yaliyoletwa katika nchi zetu katika miaka ya 1950 na 1960 yalikuwa na kioo cha mbele cha ile namna ya kwanza. Jiwe likikipiga, kioo chote hugeuka cheupe kama utando wa buibui, na dereva asione kitu mpaka atoboe tundu kwa ngumi. Wazee waliosafiri zama hizo wataukumbuka msiba huo.

Basi hapa twapata kanuni ya kwanza, nayo ni kubwa kuliko suala la jina: kioo cha mbele sharti kiwe cha tabaka. Ukiona kioo cha mbele cha gari dogo kimeandikwa neno la Kiingereza TEMPERED, kikatae, hata kama muuzaji atakiapia.

Kazi zake ni zaidi ya kuzuia upepo na mvua. Katika magari ya sasa kioo hugandishwa kwenye fremu kwa gundi, kikawa sehemu ya mwili wa gari. Gari likipinduka, kioo husaidia kulibeba paa lisiwashukie waliomo. Na katika magari mengi yenye mfuko wa hewa upande wa abiria, mfuko ule ukifumuka huegemea kioo kabla ya kumpokea mtu. Kioo kikiwa hakikushikwa barabara, mfuko hukisukuma nje, na abiria hana cha kumpokea. Fikirini nani hukaa upande ule katika safari zetu: aghalabu ni mama, na mara nyingi amempakata mtoto, jambo ambalo halifai kabisa. Mtoto mahali pake ni kiti cha nyuma.

Kidonda kidogo kisingojwe

Kabla ya kununua kioo kipya, tazama kwanza kama wahitaji kununua. Kidonda kidogo kisichozidi ukubwa wa sarafu, kisichofika ukingoni, wala hakiko mbele ya macho ya dereva, chaweza kutibiwa. Wako mafundi mijini wenye dawa ya majimaji ambayo husindikwa ndani ya kidonda, kisha hukaushwa kwa taa ya mionzi maalumu. Alama hafifu hubaki, lakini ufa hauendelei. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kioo kizima.

Ila dawa hiyo haifai kidonda kilichokwisha kunywa maji na vumbi kwa wiki nyingi. Mara jiwe linapopiga, funika mahali pale kwa utepe wa gundi unaoonya, yaani usiozuia nuru, hata umfikie fundi. Wala usimwagie maji baridi kioo kilichoshinda juani. Kioo cha moto kikipata baridi ghafula upande mmoja, ufa wa urefu wa kidole waweza kukimbia mpaka ukingoni palepale ulipo. Mabonde ya barabarani na kubamiza milango nako huuongeza ufa. Ufa uliofika ukingoni, au ulio mbele ya macho ya dereva, hauna dawa tena isipokuwa kubadilisha.

Maana ya asili na maana ya kuiga

Sasa tuingie katika swali lenyewe. Watu wa gereji husema "orijino" na "kopi", na huyasema maneno hayo kana kwamba moja ni halali na la pili ni haramu. Mambo hayako hivyo.

Kampuni ziundazo magari, kwa kawaida, hazitengenezi vioo vyao. Huviagiza kwa viwanda vya vioo. Kwa magari ya Kijapani, ambayo ndiyo mengi katika barabara zetu, viwanda mashuhuri ni AGC, ambayo zamani ikijulikana kwa jina la Asahi Glass, na Nippon Sheet Glass, ambayo mwaka 2006 iliinunua Pilkington ya Uingereza. Viwanda hivyo hutia alama ya kampuni ya gari katika vioo wanavyoagizwa, na vioo vingine huviuza kwa jina lao wenyewe. Fuyao ya Uchina, iliyoanzishwa mwaka 1987, nayo huuzia kampuni kubwa za magari duniani, na ina kiwanda huko Ohio, Marekani. Kwa hiyo asemaye kwamba kila kioo cha Mchina ni takataka hajui asemalo. Mmarekani naye huendesha gari lenye kioo cha Mchina.

Hivyo vioo vya sokoni vigaweni mafungu manne. Fungu la kwanza ni kipya chenye alama ya kampuni ya gari. Fungu la pili ni kipya cha kiwanda kinachojulikana, kilichoundwa kwa mfano wa kile cha kwanza, na kinachotaja waziwazi jina la kiwanda chake. Fungu la tatu ni cha mtumba, kilichotolewa katika gari lililokufa. Fungu la nne ni kile kisichokuwa na jina lolote, ama kilichobandikwa jina lisilo lake.

Chuoni kwetu mwanafunzi huanza kwa kuiga hati ya mwalimu wake. Huitazama, huifuata, hata mkono wake ukawa hodari. Hapana lawama katika hilo. Ndiyo njia ya kujifunza. Lakini mwanafunzi yule akiandika waraka wake kisha akatia sahihi ya mwalimu, hapo haigi tena, bali ameghushi. Tofauti haiko katika uzuri wa hati. Iko katika sahihi. Vivyo hivyo kioo cha fungu la pili ni cha kuiga, nacho ni mali halali kuuza na kununua. Kioo cha fungu la nne chenye jina la kuazima ni cha kughushi, hata kama kwa macho chapendeza kuliko vyote.

Namna ya kukijua

Mambo ya kutazama ni haya. Katika pembe ya chini ya kioo pana maandishi madogo. Maandishi ya haki huwa yamechomwa katika kioo chenyewe, hayabanduki kwa ukucha wala kwa maji. Humo tafuta jina la kiwanda na neno LAMINATED, au alama AS1 ya Kimarekani, ambayo ni ya kioo cha mbele, AS2 siyo. Vioo vilivyokaguliwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa vina herufi E na tarakimu ndani ya duara pamoja na alama 43R, nayo tarakimu huonyesha nchi iliyotoa kibali. Vya Uchina huwa na alama ya herufi C tatu. Alama nazo zaweza kughushiwa, kwa hiyo usiishie hapo.

Simama nyuma ya kioo, utazame kwa kupitia ndani yake mstari ulionyooka, kama ukingo wa ukuta au nguzo ya umeme, huku ukisogeza kichwa polepole. Mstari ukipindapinda kama uonekanao ndani ya maji, kioo hicho kitamchosha dereva, na usiku taa moja ya lori itaonekana mbili. Tazama na ule mkanda mweusi uzungukao ukingo. Mkanda ule si pambo: huikinga gundi isiharibiwe na jua. Kisha kipimie fremu kabla ya gundi kutiwa. Kisichokaa sawa pembe zote kitavujisha mvua, na maji yatashuka katika nyaya za dashibodi.

Kuhusu mtumba, nina tahadhari mbili. Kwanza, kioo kilichogandishwa kwa gundi hutolewa kwa kukatwa kwa waya au kisu, na mara nyingi ukingo hupata mikwaruzo ambayo huja kuwa nyufa baadaye. Pili, wengi wetu huandika namba ya gari katika vioo kwa hofu ya wezi. Ukiuziwa kioo ambacho namba yake imesuguliwa, jiulize imesuguliwa na nani, na kwa nini. Kununua mali ya wizi huku ukijua ni dhambi mbele ya Mwenyezi Mungu na ni kosa katika sheria ya nchi, na urahisi wa bei si udhuru.

Yako magari ambayo kioo cha asili, au kilicholingana nacho kabisa, ni lazima. Hayo ni yale yenye kamera nyuma ya kioo cha ndani, inayotazama mistari ya barabara na gari lililo mbele. Toyota walianza kuyaeneza mambo hayo mwaka 2015, na sasa magari ya namna hiyo yanatufikia yakiwa mitumba kutoka Japani. Kioo kisicho na mahali sawasawa pa kamera, au chenye kupotosha sura, huidanganya kamera, nayo ikamdanganya dereva. Na hata kioo kikiwa cha asili, kamera sharti ipimwe upya kwa mashine. Lakini gari la kawaida lisilo na kamera, kioo cha fungu la pili chalitosha kabisa.

Kisa cha mzazi mmoja

Baba wa mmoja wa wanafunzi wangu ana gari aina ya Noah, hupakia abiria. Kioo chake kilipasuka, akaenda kununua kingine mbali na hapa. Akaambiwa ni cha asili, akalipa bei ya asili. Jina la kampuni lilikuwapo pembeni. Baada ya kuosha gari mara chache lile jina likabanduka, kwa kuwa lilikuwa karatasi. Na usiku akaanza kuona taa mbilimbili. Alimrudia muuzaji, naye akamwambia kwamba kioo kikiisha kutoka dukani hakirudi.

Akanijia jioni moja.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekunjamana?"

"Nimepata mteja wa gari langu. Amelitazama, amependa, hakuuliza habari ya kioo. Nami wakati naliwekea kioo hiki nilidhulumiwa. Je, ni lazima nimwambie?"

Nikamuuliza: "Wewe ulipokuwa mnunuzi, ungependa uambiwe?"

Akanyamaza. Kisha akasema: "Lakini, Maalim, mimi sikughushi. Nimeghushiwa."

Neno lake lilikuwa na haki ndani yake, wala sikulidharau. Hata hivyo nilimweleza yale tunayoyasomesha. Mtume, sala na salamu ziwe juu yake, alipita sokoni kwa muuza nafaka, akatia mkono ndani ya rundo, vidole vikapata unyevu chini ya nafaka kavu. Muuzaji akatoa udhuru kwamba ni mvua iliyonyesha. Naye hakumlaumu kwa mvua. Alimuuliza kwa nini hakuiweka iliyolowa juu ili watu waione, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo pamoja nasi. Yule bwana hakuilowesha nafaka kwa mkono wake. Kosa lake lilikuwa kuificha. Na ndivyo alivyo mwenye kioo: aibu ya kioo si kosa lake, ila kuificha itakuwa kosa lake tangu siku ile atakayoificha.

Alimwambia yule mnunuzi. Bei ikapungua kwa kadiri ya thamani ya kioo kipya na ufundi. Hakufurahi, wala sisemi kwamba alifurahi, kwani nyumbani fedha zile zilikuwa zimekwisha pangiwa kazi, na mkewe alikuwa na maneno ya kusema. Miongoni mwa maneno hayo alisema kwamba ukweli wao umelipwa na watoto wao. Mama yule hakukosea hesabu. Lakini aliyelinunua gari lile naye ana watoto, na huenda angelipa kwa kitu kisichorudishwa na fedha.

Haki ya mnunuzi

Msidhani kwamba aliyeghushiwa hana la kufanya isipokuwa kusubiri. Katika fikihi yetu mnunuzi akigundua aibu iliyokuwamo katika kitu kabla hajakinunua, naye hakuijua, ana hiari ya kukirudisha akapewa fedha zake. Kauli ya muuzaji kwamba kilichotoka dukani hakirudi haiifuti haki hiyo palipo na udanganyifu. Nayo sheria ya nchi haiko mbali. Tangu mwaka 1963 tunayo Sheria ya Alama za Bidhaa, ikatazayo kubandika alama ya uongo, na Tume ya Ushindani ndiyo yenye kusimamia mapambano dhidi ya bidhaa bandia. Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, nalo lipo kwa ajili ya ubora wa bidhaa.

Lakini haki isiyo na ushahidi ni kama ndoo isiyo na kamba. Kwa hiyo unaponunua, dai stakabadhi, na ndani yake yaandikwe maneno kamili: jina la kiwanda, kama ni kipya au mtumba, na kama ni cha asili au cha kuiga. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Mwenye kukataa kuandika alichokisema kwa kinywa amekwisha kukujibu.

Nawaambia na wauzaji, ambao wengi wao ni ndugu zetu na wasomaji wetu: si lazima muuze cha asili ili muwe wakweli. Uzeni cha kuiga mkikitaja kuwa cha kuiga. Riziki itokayo katika bei ya haki hutosha, na mteja aliyeambiwa ukweli hurudi na wenzake.

Ufundi wa kukitia

Nimeliacha jambo hili nyuma, nalo pengine ndilo kubwa kuliko yote. Kioo cha asili kilichotiwa vibaya ni cha hatari kuliko cha kuiga kilichotiwa vizuri. Fundi mzuri hukata gundi ya zamani kwa uangalifu, akabakisha tabaka nyembamba. Hutazama fremu, akikuta kutu huisugua na kuipaka dawa, kwa maana gundi haishiki kutu. Husafisha ukingo wa kioo, akapaka praima, wala haushiki tena kwa vidole vyenye mafuta. Kisha hutumia gundi maalumu ya vioo vya magari, na hutazama tarehe yake isiwe imepita.

Wako wanaotumia silikoni ya kuzibia madirisha na masinki. Mara nyingi utaijua kwa harufu yake, hunuka kama siki. Silikoni hiyo haina nguvu ya kukishika kioo katika ajali, na tindikali yake hula chuma. Ukiisikia harufu hiyo, msimamishe fundi.

Gundi ya haki hukauka kwa kunywa unyevu wa hewani, nayo huhitaji muda. Ziko zitakazo saa moja, ziko zitakazo saa kadhaa, na ziko zitakazo kutwa kucha. Muda wake huandikwa kwenye chombo. Dereva hupenda kuondoka mara moja, kwani abiria wangoja na hesabu ya tajiri yangoja. Hapo mke na ndugu wamsaidie kwa kumsubirisha, wala wasimsukume kwa kudai matumizi ya jioni ileile. Katika siku ya kwanza asilioshe gari kwa maji ya nguvu, na asibamize milango. Aache dirisha moja wazi kidogo ili hewa ipate pa kutokea. Magari ya zamani na baadhi ya malori, ambayo kioo chake hushikwa kwa mpira na si kwa gundi, hayahitaji kungoja hivyo, lakini mpira uliokauka na kupasuka ubadilishwe pamoja na kioo.

Jambo la mwisho ni bima. Bima ndogo, ile ya kumlipa mtu wa tatu, haikulipii kioo chako. Bima kubwa yaweza kukilipia, mara nyingi kwa kiasi kilichowekewa mpaka. Kabla ya kukata bima, uliza kwa maandishi kama kioo kimo, ni kiasi gani, na ni kioo cha fungu gani watakachokupa.

Basi, mama uliyeniuliza, jawabu langu ni hili. Ikiwa gari la mumeo halina kamera kiooni, msijitie katika deni kwa ajili ya jina. Nunueni kioo kipya cha tabaka, cha kiwanda kinachojitaja, kilichojaribiwa kwa macho na kupimwa kwenye fremu, chenye stakabadhi ya ukweli. Fedha mtakayookoa, sehemu yake mpeni fundi hodari na gundi njema, na sehemu yake ilipie ile siku ambayo gari litasimama. Na siku mtakapoliuza gari, semeni mlichokitia.

Mwenyezi Mungu awalinde wasafiri wetu wote wapitao njia hizi, na atujaalie tuwe wakweli katika kununua na katika kuuza.

Wassalaam.